Mwalimu Leona Sedlacek na Neno la Hofu

Marehemu Leona Vlasta Sedlacek alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 shambani kwa wazazi wake, Josef na Anna Kucera, nje kidogo ya mji wa Zelena, Nebraska. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Kaka yake mkubwa, Emil, alipigwa na radi akafa akirudisha ng'ombe zizini mwaka 1947. Tangu siku hiyo, mawingu yakitanda, Leona alikuwa akijificha chini ya meza ya jikoni.

Alisoma shule ya parokia, ambako Padre Hruska alimfundisha Kilatini na Kigiriki kidogo. Mwaka 1951 alishindana kutaja herufi za maneno magumu mbele ya wilaya nzima. Alipopewa neno “rhythm,” alishuka jukwaani bila kutamka hata herufi moja. Baadaye Padre alimwambia, “Binti, neno gumu usilimeze zima. Livunje kama mkate, ule kipande kipande.” Ushauri huo ukawa kazi yake ya maisha.

Alihitimu ualimu mwaka 1959, akafundisha darasa la tano mjini Zelena kwa miaka thelathini na nane, akiwavunjia watoto maneno magumu kwa mizizi yake ya Kigiriki na Kilatini. Mwaka 1961 aliolewa na Ernest Sedlacek, fundi wa matrekta. Wakati wa uchumba Ernest hakumwandikia barua hata moja. “Nikuandikie wewe,” alisema, “unirudishie imejaa wino mwekundu?”

Tarehe 14 Mei 1976, saa nane na robo mchana, king'ora cha tufani kililia. Mwalimu Leona aliwalaza watoto ishirini na watatu kifudifudi kando ya ukuta, kwenye ujia wa shule, mikono kisogoni. Taa zikazimika. Miguu yake ilikuwa ikitetemeka hata viatu vikagonga sakafu, na Darrell, aliyelala karibu naye, akasikia.

“Mwalimu, unaogopa?”

“Naogopa kuliko nyinyi nyote. Haya, hofu kwa Kigiriki ni nini?”

“Phobos!” watoto wakajibu.

“Na umeme wa radi?”

“Astrape!”

“Basi hofu ya radi? Darrell, herufi moja moja!”

Darrell akaanza vizuri, “A, S, T, R, A...” kisha akasema, “F.”

“F ya nini, kichwa maji wewe?” akafoka Connie kutoka upande wa pili wa Mwalimu. “P, H, ya phobos! Astraphobia!”

Watoto wakacheka, na katikati ya kicheko hicho paa likang'oka. Mwalimu aliwalalia Darrell na Connie. Boriti ilimvunja mtulinga. Alizidi kupaza sauti, akidai herufi baada ya herufi, ingawa upepo ulikuwa ukizimeza. Watoto wote ishirini na watatu walitoka hai.

Ernest alifariki mwaka 2009. Miaka kumi baadaye maneno yalianza kumponyoka Mwalimu: kwanza majina ya majirani, kisha kijiko, kisha mlango. Daktari alipotaja ugonjwa, “aphasia,” hakungoja maelezo.

“A, bila. Phasis, usemi,” alisema. Kisha akamgeukia binti yake. “Paula, mwanangu, likinitoka neno la mwisho nitakuita vipi?”

“Hutaniita, Mama. Nitakuwa hapo hapo.”

Paula alihamia nyumbani juma lile lile. Mwalimu alifariki Jumamosi, tarehe 11 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Hatutasema hakuogopa. Aliogopa, macho yake yalionyesha, na hakuwa tena na neno la kuisema hofu hiyo. Paula alimshika mkono, hakuuachia hata baada ya muuguzi kumwambia kwamba sasa anaweza.

Ameacha dada yake, Agnes Kucera, watoto wawili, Paula, mke wa Glenn, na Martin, wajukuu wanne, na kitukuu mmoja, Vera, mwenye wiki sita.

Bwana amwondolee kila hofu, na ampe pumziko la amani.