Mvinyo Unaonukia Maua

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa duka la kinyozi: benchi moja, birika la kahawa, na midomo isiyopumzika. Jana jioni alikuja mpwa wangu, mhudumu wa hotelini, amekumbatia chupa ya mvinyo mweupe aliyopewa na meneja wake. Leo asubuhi alitakiwa auelezee vizuri mvinyo ule, apewe kaunta ya vinywaji. Akibabaika, anarudi kuosha vyombo. Alikuwa hajauonja, alitaka ajipime kwetu kwanza. Nilimwonea fahari, siwafichi.

Akamimina kidogo kikombeni. Alifundishwa kwamba pua inatangulia, ulimi baadaye, basi tukapokezana kunusa. Jamani, nilishtuka. Maua matupu, na maganda ya chungwa kwa mbali.

— Huu umetiwa manukato, alisema Kinyozi. Mimi nashinda nayo, hunidanganyi.

Mpwa wangu akaeleza kwa upole kwamba hakuna kilichotiwa. Ni zabibu za aina tatu, zimelimwa nchi ya baridi, zinaiva taratibu na harufu yake haipotei. Watu wanaupendea hiyo hiyo harufu.

Hapo akadakia Profesa, fundi wetu wa mafriji, aliyejipa uprofesa mwenyewe. Baridi anaijua yeye, na kazi ya baridi ni kuua harufu, ndiyo maana samaki wa kwenye friji hanuki. Muuza kahawa akavuka mpaka kabisa: eti kuna dawa inanukia vivyo hivyo, ukiinywa unasahau hata jina la mkeo. Kinyozi akamalizia kuwa kijana anatafutiwa kesi, maana mgeni akianguka, ataulizwa aliyemimina.

Mpwa wangu akanigeukia.

— Mjomba, wewe unasemaje?

Nilikuwa nimeshaingiwa na hofu.

— Mwaga, nikamwambia.

Akamwaga wote mtaroni, hadi wa kikombeni. Mtaro ukanukia mpaka kwa jirani. Tukashusha pumzi, tukapongezana kwa kumwokoa mtoto wa watu.

Akatokea dada yangu, mama yake, ametoka sokoni na kapu lake. Tukamsimulia kwa zamu, kila mmoja akijisifu. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Sasa mvinyo wenyewe ulikuwa na ladha gani?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akaangalia viatu vyake. Muuza kahawa akainua birika, akalirudisha pale pale.

— Mama, alisema mpwa wangu polepole, hilo ndilo atakaloniuliza meneja.