Mtoto wa Meza

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Afisa Elimu, Bwana Sheha, Mwalimu Mkuu wetu Bwana Wakil, wanakamati wa skuli, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mnaolitazama sufuria la biriani kuliko mnavyonitazama mimi: assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi, Ulfat binti Himid, nimesomesha hisabati hapa miaka thelathini na mbili, na leo mnaniaga. Nimesifiwa mengi asubuhi hii. Mwalimu Mkuu amesema sijapata kumpoteza mtoto hata mmoja. Ahsante, Bwana Wakil, lakini hilo si kweli, nami sitaki kustaafu na sifa ya uongo shingoni.

Wakubwa wangu, watu wanaulizana: mtoto mwenye kipawa atolewe darasani apelekwe skuli ya peke yake, au aachwe na wenziwe? Miaka yote mimi nilikuwa wa kuachwa, na walimu wenzangu wanalijua domo langu vikaoni. Nilisema, ukimtoa anayejua, nani atawaelekeza wasiojua? Ukiwachambua watoto kama mchele, wanaobaki watajionaje? Na sikuyasema kwa kubuni. Mwaka mmoja walichaguliwa wanne kwenda skuli ya vipawa mjini, na waliobaki wakajiita Chuya. Naam, Chuya! Ukiwauliza nyinyi darasa gani, wanakujibu kwa kicheko, "Sisi Chuya, mwalimu." Nikawakalisha chini nikawaambia: chuya ni punje iliyobaki na ganda lake, mchele mweupe ukiupanda hauoti, chuya ikipandwa huota. Wakanielewa. Lakini mimi niliondoka na hasira zangu, nikaapa kwamba sitoi mtoto tena.

Mwaka uliofuata mwanafunzi wangu Suhail akafaulu mtihani wa skuli hiyo ya vipawa. Fomu ya wazazi wake kutia saini ya ruhusa ilipitia mikononi mwangu. Meza yangu ina mtoto mmoja, droo ya kufuli, na ufunguo wake nnao mimi. Basi nikamfungia mtoto wa watu ndani ya mtoto wa meza, mpaka muda wa fomu ukapita. Nikamsimamisha ubaoni awasomeshe wenziwe, nikajigamba: tazameni, darasa zima limefaulu! Na yeye nilimfunza nini? Sikumfunza kitu. Akaanza kusinzia, ukafuata utoro, mwisho skuli akaiacha kabisa.

Mwaka jana simu yangu iliharibika, nikaenda nayo mjini, Mlandege kwa mafundi wa simu. Fundi akainua uso: "Shikamoo, mwalimu." Nikamwambia, "Marahaba, Suhail. Mbona uliacha skuli, mwanangu?" Akajibu huku anakaza skrubu: "Mwalimu, kitabu cha mwaka mzima mimi nlikimaliza mwezi wa pili. Nlikuwa nnakusubiri wewe."

Ufundi ni kazi ya heshima, na simu hii inalia vizuri hadi leo. Lakini kijana yule alitamani chuo kikuu pale Tunguu, na njia yake niliifunga mimi. Nikamweleza fomu ilikokuwa. Akaweka bisibisi chini, akasema, "Nshakusamehe, mwalimu. Lakini usirejee kosa hili."

Nami, jamani, nikarejea.

Wiki mbili zilizopita ilifika fomu ya Salhiya, binti wa Bi Riyama, mkulima wa mwani mnayemjua nyote. Nikaitia mle mle. Mara tatu Bi Riyama amenisimamisha getini, katoka pwani, nguo zinamchuruzika maji: "Mwalimu, majina yametoka?" Na mara tatu nimemjibu, "Bado, Bi Riyama, tuvute subira." Astaghfirullah! Nilimdanganya mama wa watu mchana kweupe. Kwa nini? Kwa sababu mimi naondoka na wa badala yangu hajapatikana, nikaona Salhiya abaki awasaidie wenziwe. Nilitaka mtoto wa miaka kumi na miwili azibe pengo la mwalimu. Huo ulikuwa ubinafsi, nami nikauita huruma.

Msinipigie makofi, sijamaliza.

Ndugu Afisa Elimu, nimegeuza msimamo. Mtoto mwenye mbio apewe uwanja wa kukimbilia. Lakini kwani hawa wanaobaki si watoto wa watu? Wana haki ya kusomeshwa na mwalimu, si na mwenzao aliyezuiliwa kwa ajili yao. Mnapokuja na gari kumchukua mmoja, shusheni na mwalimu wa hisabati kwa ajili ya hawa thelathini na tisa wanaobaki. Nafasi yangu isikae wazi hata wiki moja. Ikikaa, mimi nitakuwa mlangoni kwako kila Jumatatu. Nshastaafu, kazi nyengine sina.

Bi Riyama, nnakuomba radhi mbele ya kadamnasi hii. Fomu hii hapa. Mwisho wa kupokewa ni kesho saa sita mchana, na nitaipeleka mjini mwenyewe, kwa mkono wangu. Salhiya, simama mwanangu, watu wakuone. Umefaulu. Ulifaulu siku nyingi.

Nakushukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu. Bi Riyama, njoo huku mbele. Tia saini kwanza, kunigombeza baadaye.