Mkono wa Kushoto wa Mama Modesta

Kwa heshima zote na kwa moyo mzito, duka letu la samaki hapa Pasiansi linawatangazia wateja wa mtandaoni kwamba mkono wa kushoto wa Mama Modesta Machibya hautaonekana tena kando ya sato. Mwenye mkono anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, baada ya miaka ishirini na miwili kazini.

Alianza kwa kupara samaki, akaishia kusimamia ufungaji wa maboksi ya barafu. Duka lilipohamia kwenye simu, tuligundua kwamba ukimsogezea sato kamera mpaka puani, anatoka na ukubwa wa mbuzi. Biashara ikachangamka.

Ndipo Bi. Zakia wa Dodoma akaagiza samaki wa kuwapokelea wakwe. Boksi lilipofika, hakututukana. Alituma picha moja tu: kiganja chake juu ya samaki, na samaki haonekani. Wakwe walikuwa wameshaketi.

Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa Mama Modesta. Alinawa, akaulaza mkono wake kando ya sato aliyefuata, akamwambia mpiga picha, "Haya, piga. Na mtu asiukate."

Mauzo yakayumba. Meneja wetu, Ndugu Mashimba, akamfuata: "Shikamoo, Mama. Huo mkono unatuua."

"Marahaba, mwanangu. Waliokufa hapa ni samaki."

Taratibu wateja wakarudi, tena na lugha yao: "Nifungie wa mkono mmoja na vidole viwili." Hakuna aliyewafundisha.

Lakini barafu haina shukrani. Viungo vilimvimba, vidole vikajikunja, vikagoma kunyooka. Mwezi wa tatu aliitazama picha ya asubuhi kwa muda mrefu. Tulidhani anausikitikia mkono.

"Umekuwa mfupi," akasema. "Samaki anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Nitoeni."

Tulimbembeleza sana. Sisi wengine wala hatukuwa tumeiona tofauti. Yeye alishaiona, basi.

Mama, asante kwa kutuchelewesha kila tulipokuwa na haraka ya kudanganya. Huko nyumbani Ilemela uote jua, usishike tena kitu cha baridi hata soda. Tunakuombea siku nyingi, na vidole visivyouma.

Mkono mpya umeshapatikana. Ni wa binti wa meneja, yuko darasa la pili.