Papa Valère, Mtega Vipepeo wa Kalemie

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, punguzeni makelele huko jikoni. Leo tunamkumbuka Papa Valère, mtega vipepeo wa hapa kwetu Kalemie, tuliyemzika juma lililopita. Mtega vipepeo, ndiyo, usicheke. Mapadri walikuwa wanawapeleka Ulaya ndani ya masanduku ya kioo, na Valère ndiye aliyewakamata.

Alipenda kuieleza kazi yake. Kipepeo hana meno, alisema. Hatafuni, anakunywa tu. Chini ya kichwa ana mrija mwembamba kama uzi, ameukunja duara. Akisikia unyevu anaukunjua, anauchovya, ananyonya. Na msidhani ni maua tu! Kipepeo dume anatamani chumvi. Kwa hiyo Valère alikuwa anakojoa kwenye mchanga wa mtoni, samahani kwa wanaokula, kisha anajificha na wavu wake. Wakijazana, furaha yake haikuwa na mfano.

Sasa jikazeni moyo. Mwaka wa 1964 vita ilifika mjini. Watu wenye bunduki walimchukua mdogo wake, Hippolyte, karani wa bandari, kutoka bironi, ofisini kwake. Hakurudi. Mama yao, Mama Virginie, akakaa chini mlangoni, akakataa chakula.

"Mutoto wangu hana kaburi, nitakula namna gani?" alisema. "Valère, uniletee yeye. Hata akiwa maiti, uniletee."

Valère akatafuta. Alifuata ukingo wa mto Lukuga akipekua matete. Asubuhi moja akaona, kwenye tope, vipepeo wamejazana, wa njano na wa bluu, wanapepea polepole. Lo! Mkono ukatafuta wavu aliouacha nyumbani. Akakimbia. Alikuwa anafurahi, wasikilizaji, mpaka alipofika karibu akaona shati. Vipepeo walikuwa juu ya Hippolyte. Wamekunjua mirija, wanakunywa.

"Nilifurahi," alimwambia binti yake Clémentine uzeeni, akilia. "Ndugu yangu amelala pale, na mimi nilifurahi. Hiyo hainiachi."

Wakamzika. Mama alipouliza, Valère alisema amemkuta chini ya mti, amelala vizuri. Tangu siku ile hakukamata tena. Akimwona kipepeo, alibadili njia.

Kaburi lilikuwa limepatikana, lakini chakula bado kilimshinda mama. Alikuwa anashinda pale kaburini, jua kali, jasho na machozi. Siku moja kipepeo akatua kwenye mkono wake, akakunjua mrija, akanywa. Valère akainua kofia amfukuze.

"Muache!" mama akasema. "Huyu njo Hippolyte. Ana kiu, mutoto wangu."

Valère akashusha kofia. Jioni ile mama alikula. Kesho yake kipepeo hakuja, naye hakula. Kweli, wasikilizaji, hakuonja hata kidogo.

Basi Valère akafanya kazi aliyoijua. Kila alfajiri, mama akiwa bado amelala, alikwenda kaburini na kopo la maji ya chumvi, akaulowesha udongo. Vipepeo wakaja. Wakaja wengi, wakanywa juu ya mdogo wake, naye akasimama kando ya mama akiwatazama.

"Unaona, Valère? Amekuja na marafiki zake."

"Ninaona, mama."

Alimwaga chumvi ile mpaka mama alipokufa, na hakumwambia neno.

Mama Clémentine, wewe na jamaa yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Baba yenu na apumzike, amebeba vya kutosha. Nanyi mnaotusikiliza, nyumba nyingi hapa zina mtu wa mwaka ule ambaye hakuonekana tena. Waulizeni wazee wenu wangali hai. Na leo, mkikaa mezani, mtajeni mtu huyo jina lake kwa sauti.