Barua ya Onyo ya Fundi Taratibu na Injini ya Gari Namba Nne

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa sita mchana, Fundi Taratibu anarudisha ufunguo wa kabati lake baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya magari ya kuvuta magari yaliyokwama. Mimi mtunza stoo nimepewa ukurasa huu nimuage. Nimeagizwa niandike kwa furaha, tena nisiguse lile suala la barua. Mtanisamehe. Furaha nimeitafuta sijaiona, na hiyo barua nitaigusa mpaka wenyewe wachoke.

Alianza kazi kwa kuosha vyuma vya wenzake. Jina la Taratibu alipewa kwa sababu haharakishwi. Huinamisha kichwa, akaisikiliza injini, na ukimuuliza gari litapona lini, anakuashiria usogee, unamzibia sauti. Mkewe anasema hata jokofu la nyumbani halifungui kabla hajalisikiliza.

Miaka miwili iliyopita injini ya gari namba nne ilikufa. Meneja akashuka na kitabu cha picha za vipuri, kidole juu ya namba ya nguvu kubwa kuliko zote: hedi za silinda, yaani vifuniko vya juu vya injini, zenye matundu mapana ya hewa, na kamshafti ya magari ya mashindano, ule mhimili unaofungua na kufunga vali, vilango vya hewa. Fundi akamwambia kwa adabu, mara mbili, kwamba bosi, gari hili halikimbii, linavuta. Linavuta lori lililojaa mzigo huku injini ikizunguka polepole. Kwa mwendo huo, hewa ikipita kwenye tundu pana hulegea na silinda haijai. Nayo kamshafti ya mbio huchelewa kufunga vali, kwa hiyo hata hiyo kidogo iliyoingia inarudi ilikotoka.

Meneja hakuelewa. Fundi akachukua mipira miwili ya maji, mmoja mwembamba na mmoja mpana, akaifunga kwa zamu kwenye bomba lile lile. Ule mpana ulimwaga maji miguuni. Ule mwembamba ulirusha maji hadi ukutani, ila njiani ulipitia suruali ya meneja. Karakana nzima ilicheka. Nadhani kosa kubwa la Fundi lilikuwa hilo.

Alifunga hedi za matundu madogo na kamshafti inayofunga vali mapema. Vyote nilimtolea mimi, kwa mkono huu. Injini ikapimwa nguvu, na namba ya juu kabisa ikawa ndogo kuliko ile ya kitabuni. Basi akaandikiwa barua ya onyo, kwa kosa la kupunguza nguvu ya injini kwa makusudi. Jamani! Kwa makusudi! Kikao cha nidhamu kiliponiita, nikajibu kwamba mimi ni wa stoo tu, natoa ninachoandikiwa. Ukweli nikaumeza kama mjinga, na hasira yangu ya leo nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Mvua zikaja. Basi la shule likateleza darajani na watoto arobaini ndani, magurudumu ya nyuma yakining'inia. Lilitangulia gari namba mbili, lililofungwa vile alivyotaka meneja. Lilipiga kelele, likazima mara tatu, na kila lilipozima basi lilirudi nyuma hatua moja. Kisha akaja Fundi na namba nne. Hakukanyaga mafuta kwa pupa. Injini ilinguruma chini chini, mnyororo ukakaza, basi likapanda barabarani na watoto wote wazima. Kwenye picha ya pongezi aliyesimama katikati ni nani? Meneja!

Na barua ile bado imo kwenye faili. Mwenye onyo hapewi cheti cha utumishi mwema. Leo Fundi atapewa saa ya ukutani. Mwenyewe ameniambia, achana nayo ndugu yangu, yameisha. Yameisha wapi? Jumapili nilikwenda kwao. Shemeji, mkewe, alishanunua fremu ya cheti. Imetundikwa sebuleni, tupu, na kila mgeni anauliza ni ya nini.

Kwa hiyo, wageni waalikwa, geuzeni karatasi hii. Nyuma yake nimechapa cheti kamili, jina lake la kazi, miaka yake thelathini na mmoja, na watoto arobaini. Kimekosa sahihi moja tu. Meneja, kalamu iko juu ya kiti chako.

Fundi, asante kwa kila mnyororo uliokaza na kwa kila mtu aliyefika kwao. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na maisha yasiyo na haraka. Ila leo usiondoke mapema, na wengine pia msihangaike na magari yenu. Namba nne nimeiegesha getini, haipiti hata baiskeli, na ufunguo ninao mimi mpaka nione wino.