Mzee Bomba na Wageni wa Kwenye Pazia

Miaka thelathini na moja Mzee Bomba ameitumikia idara yetu ya kupulizia dawa, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, anatua bomba la mgongoni na kustaafu. Kuandika maneno haya ya kumuaga katika jarida letu nimepewa mimi, dereva wa idara, na ni haki yangu: nimetembea, nimeona, na kilichobaki cha kunishtua nilidhani ni kifo tu. Nilidhani hivyo mpaka Jumamosi iliyopita.

Mende na kunguni wa mji huu wanamjua ukoo kwa ukoo. Siku nyigu walipovamia ofisi ya mkurugenzi, alimkuta bosi juu ya meza, viatu mkononi. Akamshusha taratibu kama bibi harusi, wala hakumwambia mtu. Tuliotangaza ni sisi.

Sasa, desturi ya idara ni kwamba anayestaafu hupuliziwa nyumba nzima bure, tena kwa kushtukizwa. Tukajaza dawa ile kali, tukaenda. Mkewe akatufungulia, nami nikaishia mlangoni. Pale watu wanapotundika picha ya harusi palikuwa na uso wa nzi, mkubwa kama sinia, macho kama shanga zilizotungwa moja moja. Pembeni nyuki, chavua imemjaa mpaka kwenye nywele za macho. Mende naye ana sharubu safi kuliko zangu.

"Hao ndio wake wenzangu, shemeji," mama akasema. "Piteni, wamezoea wageni."

Picha zote kapiga Mzee Bomba mwenyewe, kwa kamera yenye lenzi ya kukuza, siku za mapumziko, alfajiri, wadudu wakiwa bado wazito kwa baridi. Mtu huyuhuyu aliyewamaliza kwa mapipa ya dawa. Nilitafuta kiti.

Mchanganya dawa wetu hakuwa ametazama ukuta. Alikwisha kuelekeza mpira wa bomba kwenye pazia, na Mzee Bomba, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, akasimama mbele yake mikono wazi.

"Hapo hapana, mwanangu. Anza na mimi."

Kwenye pindo la pazia kulikuwa na kifuko cha mayai ya vunjajungu. Vitoto hutoka wote pamoja, asubuhi moja tu; alitamani kuwapiga picha wakitoka, lakini miaka yote asubuhi ya namna hiyo ilimkuta kazini, bomba mgongoni. Ndiyo maana alikataa kuongezewa mkataba, nasi tukadhani amechoka.

Tukatoa mabomba nje.

Jumatano asubuhi akaomba ruhusa kazini, akaniita. Mikono yake inatetemeka siku hizi, basi kamera akaiegemeza begani kwangu, nami nikaacha kupumua. Vitoto wakatoka wakining'inia kwenye nyuzi, wembamba kama sindano. Mmoja akageuza kichwa, akatutazama. Picha ndiyo ile ya jalada la jarida hili. Mpaka sasa sijatulia.

Mzee Bomba, ahsante kwa kila nyumba iliyolala usingizi kwa sababu yako. Ishi salama na mama, na ukoo wenu wa miguu sita. Tukija kuwasalimu, tutapiga hodi mikono mitupu.