Fundi Sikio, Aliyeuliza Utamu wa Baiskeli Uko Wapi

Wafiwa wenzetu, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu mkaja kusimama nasi, mimi ni mdogo wake marehemu, ukoo umenipa jukumu la kusoma safari ya maisha yake, na nasema mapema kwamba naisoma kwa aibu, kwa sababu tulichowatangazia juzi, kwamba kaka yetu aliteleza bafuni, hakikuwa kweli, na mjane wake amekataa jeneza litoke hapa mpaka ukweli usomwe. Tena ana haki, maana uongo ule umemwangukia yeye, wapo watu wa ukoo wetu, shangazi yetu akiwa mbele, waliokwisha kusema kwamba maji ya sabuni aliyaacha yeye sakafuni, na tangu juzi wanamkalia mbali kana kwamba ameua.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Agosti 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa stesheni na mshona mashuka ya hospitali. Alianza shule ya msingi Januari 1964, akawa hodari wa hesabu, na mwaka 1966, mbele ya darasa zima, alipanda baiskeli ya mwalimu kwa mara ya kwanza, akaenda nayo moja kwa moja mpaka kwenye mtaro wa maji machafu, wenzake wakamcheka muhula mzima, naye hakupanda tena. Ndiyo, mmesikia vizuri, Fundi Sikio hakujua kupanda baiskeli, naona mnatazamana, haya, tazamaneni, na sisi tulitazamana hivyo hivyo.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika duka la baiskeli mkabala na posta, tajiri wake hakumuuliza kama anajua kupanda, nani angeuliza swali kama hilo, na mwaka 1989 akafungua karakana yake mwenyewe, ile ya mlango wa bluu, ambako alijulikana kwa heshima yake ya kutopanda baiskeli ya mteja. Akimaliza kuitengeneza alimwambia mwenyewe azunguke nayo uwanjani, yeye akampa mgongo na kuinamisha kichwa, akisikiliza, kisha akasema cheni imelegea, au gololi za nyuma zimekauka, na hakukosea, ndipo jina la Sikio lilipomkaa. Wengi mlimsifu kwa adabu, kumbe ilikuwa hofu iliyovaa ovaroli.

Kila aliyeketi kwenye benchi lake aliulizwa swali moja, utamu wa baiskeli uko wapi, nanyi mkadhani ni mzaha wa kupitisha muda. Muuza mikate alimwambia uko kwenye mteremko, pale unapoacha kukanyaga pedeli, shati likajaa upepo, baiskeli ikaenda yenyewe, muuguzi wa zahanati akasema ni ile saa ya kutoka zamu, kwamba akiwa juu ya baiskeli hakuna anayemwita sista njoo huku, mwalimu mstaafu akasema ni kumsalimu kila mtu na kumpita kabla hajaanza hadithi zake, na seremala, ambaye magoti yake yamekwisha, akasema ardhi inamuuma lakini pedeli haimuumi. Marehemu aliyachukua maneno yao akayasema kama yake, harusini, barazani, hata kwa watoto wake, na inatuuma kulisema hili mbele ya wenye maneno mliomo humu.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na mshonaji aliyekuwa amemletea baiskeli yenye pancha, na baada ya harusi mkewe akamwomba ampakie baiskelini wakamsalimu mama yake, Jumapili ya kwanza tairi halina upepo, ya pili halina upepo, ya tatu mkewe, huyu shemeji yetu, akamuuliza, bila kucheka, fundi gani huyu ambaye tairi lake haliponi, naye akakaa kitandani akaungama yote. Shemeji alimfichia siri ile miaka thelathini na minane, na walipojaliwa binti mwaka 1990 na kijana mwaka 1993, yeye ndiye aliyewafundisha kupanda, akiwaambia baba yenu ana kazi nyingi.

Tarehe 30 Aprili mwaka huu marehemu alifunga karakana moja kwa moja, na mteja wa mwisho alikuwa yule muuguzi, ambaye alimgeuzia swali, je, wewe fundi, utamu wako uko wapi, naye akamjibu habari za mteremko na shati kujaa upepo, muuguzi akacheka, akasema hayo ni ya muuza mikate, nimeshayasikia kwake mwenyewe. Alikuwa anatania tu, dada huyu yupo hapa na hana kosa lolote, lakini kaka alirudi nyumbani, hakula, na asubuhi yake akamwomba mkewe amfundishe.

Walijifunzia kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kinu kilichofungwa, alfajiri, wasionekane, shemeji akikimbia huku ameshika kiti, mama wa miaka sitini na tatu jamani, na tarehe 14 Juni alikiachia kiti bila kumwambia, marehemu akaenda, akaenda kweli, kutoka goli hili kuelekea goli la pili. Alipogeuka kumwambia kitu akamwona mkewe yuko mbali, amesimama, anapiga makofi, akaanza kucheka, na akicheka hivyo hivyo akaligonga goli.

Alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na wodini akatusihi sisi ndugu zake tuseme ni bafuni, kwamba fundi wa miaka hamsini kazini hawezi kuzikwa kwa kuanguka na baiskeli kwenye uwanja mtupu, nasi tukakubali, wala hatukumuuliza shemeji. Kwa mkewe alisema jambo jingine, kwamba sasa ana jibu lake mwenyewe, utamu wa baiskeli ni kugeuka ukamwona aliyekuachia amefurahi kuliko wewe. Tarehe 23 Juni damu iliganda ikaziba mapafu, akafariki akiwa na umri wa miaka sitini na minane, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, lakini aliyeumbuka hapa si yeye, ni sisi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mifupa waliopigana mpaka mwisho, majirani mliotupa viti na vyumba vyenu, mafundi wenzake mliofunga kazi leo, na wateja wote mliomjibu swali lake kwa moyo mweupe.

Shemeji, nimetumwa na ukoo mzima, na shangazi amesimama hapa nyuma yangu ili asije akasema hakusikia, mbele ya watu wote hawa bafu lako lilikuwa kavu, hukumuua ndugu yetu, ulimfundisha, na tunakuomba radhi. Nawe kaka, pumzika kwa amani, aibu tutabaki nayo sisi.